Farasi Asiyejua Shoti

Treni iliishia njiani. Kondakta alipita kwenye mabehewa akatangaza kwamba reli ya mbele inatengenezwa, wanaokwenda mpakani washuke hapa wangoje basi, kisha akaongeza "Mungu akipenda" kwa sauti ya mtu ambaye basi lenyewe hajapata kuliona. Tulishuka watu watatu. Wawili walikuwa na ndugu wa kuwapokea. Mimi nilibaki na kituo cha matofali mekundu, mahindi yaliyokauka pande zote, na ule upepo wa nyanda za Banat unaotoka mashariki, unaomfanya mtu ahisi kuna mlango umeachwa wazi mahali fulani.

Serbia nilikuwa nimeishi miaka mingi, lakini Seljevac niliijua kwenye vibao vya barabarani tu. Nikaufuata mnara wa kanisa, na kabla sijaufikia nikakuta jukwaa la watazamaji. Lilikuwa refu, la mbao, na ukingo wa paa lake ulichongwa nakshi kama lesi ya kitambaa cha meza. Rangi ilikuwa imebanduka. Mbele yake, kwenye njia ya mchanga mweusi, mwanamke aliyeketi kwenye kigari cha magurudumu mawili alikuwa anazunguka peke yake nyuma ya farasi wa kijivu. Jukwaani hapakuwa na mtu hata mmoja. Ng'ambo ya uzio, kwenye duka la kubashiri, wanaume walijazana mbele ya skrini wakipiga kelele. Nilichungulia. Walikuwa wanashangilia mbio za farasi waliochorwa na kompyuta.

Mvua ilianguka bila kubisha hodi. Nikakata njia kukimbilia jukwaani.

"Wewe! Usikimbie!"

"Nalowa, mama!"

"Lowa, utakauka! Tembea!"

Nikatembea. Yule mwanamke alisimamisha farasi mbele yangu, wote wawili wanachuruzika maji, akanitazama kana kwamba nimeingia sebuleni kwake na matope.

"Hapa hakuna anayekimbia mbele ya farasi," alisema. "Hata nyumba ikiungua, tunatembea."

Ndivyo nilivyojuana na Živka Vlaškalin. Basi halikuja siku hiyo, na siku iliyofuata sikulitafuta. Alinipangishia chumba kilichopakana na mabanda, chenye harufu ya nyasi kavu na mafuta ya kulainisha hatamu, nikakaa humo hadi mavuno ya zabibu.

Farasi wa Seljevac hawapandwi mgongoni. Wanavuta kigari chepesi na kushindana kwa mwendo mmoja tu, telki: mguu wa mbele wa kulia unanyanyuka pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha ile miwili mingine, tap-tap, tap-tap, hata kasi ikifika ya gari. Farasi akichanganya miguu akatoka shoti, yaani mbio za kuruka, anaondolewa mbioni, hata kama alikuwa wa kwanza, hata kama mstari wa mwisho uko mbele ya pua yake. Kwa hiyo mwana-farasi akizaliwa hapo, jambo la kwanza analofundishwa ni kutotamani kile ambacho kila farasi duniani anakitamani. Na watu wanaomlea wanajifundisha naye. Karibu na mabanda watoto hawaruki kamba. Mgeni akichelewa harusini anachelewa kwa utulivu. Niliona kwa macho yangu tarishi akifukuzwa na mbwa kwa mwendo wa kutembea, yeye na mbwa wote.

Živka alikuwa anakaribia miaka sitini, mwembamba, na mikono mikubwa kuliko mwili wake ulivyostahili. Alizaliwa nyumba ya nyuma ya mabanda, binti wa Joca, mwendesha kigari aliyejulikana Banat nzima. Alifanya kazi kiwanda cha sukari hadi kilipofungwa. Mumewe alikwenda Vienna kuweka vigae. Akaanza kwa kutuma pesa, akaendelea kwa kutuma picha, mwisho akawa anatuma salamu tu. Haya yote aliyasimulia kama mtu anayesoma bei za sokoni. Sauti yake ilibadilika kwa jambo moja tu, Mbio za Mavuno.

Hukimbiwa kila Oktoba. Mshindi anavishwa shingoni shada la majani ya mzabibu na zabibu zenyewe zikining'inia, na farasi huanza kulila kabla mwenye farasi hajamaliza kupigwa picha. Joca alilileta nyumbani mara kadhaa, limeliwa nusu, na mama yake Živka alikuwa akilitundika juu ya mlango wa jikoni mpaka likauke. Živka mwenyewe hajapata kulileta.

"Nimekuwa wa pili, nimekuwa wa tatu," aliniambia huku akichambua maharage. "Hakuna mgongo katika Banat hii ambao sijauona kwa karibu. Kuna mwendeshaji mmoja wa Zrenjanin nikimwona dukani simtambui mpaka ageuke."

"Na mwaka huu?"

Alinyanyua kidevu kuelekea dirishani, ambako farasi jike wa kijivu alikuwa amesimama ametoa kichwa nje kama jirani mbeya. Jina lake Rosulja, maana yake manyunyu. Alikuwa na miaka saba, umri ambao farasi wa telki anakuwa amejua kazi na bado hajaichoka. Asubuhi zile nilimwona akizunguka uwanja, mgongo umetulia hata ungeweza kuweka kikombe cha kahawa juu yake. Wazee waliopita njia walisimama, wakatazama, wakaondoka bila kusema neno. Huko ndiko kusifu kwao.

Tatizo ni kwamba mbio zenyewe hazikuwa na uhakika. Bila zawadi nono hakuna atakayeleta farasi kutoka mbali. Wasipokuja, hakuna mbio. Mwaka ukipita bila mbio, uwanja unafutwa kwenye kalenda ya chama cha mbio cha nchi, na halmashauri ilikuwa tayari imepata mtu anayetaka kuweka ghala la alizeti. Hayo niliyasikia kwenye mkutano wa klabu ya mbio, uliofanyika katika baa ya chini ya jukwaa, mbele ya soseji na rakija, pombe kali ya plamu. Mwenyekiti alikuwa Tihomir Bugarski, mwenye gereji ya matairi, mtu mnene mwenye huzuni. Kando yake aliketi mzee Nestor, dereva wa gari la kuanzisha mbio: gari kuukuu lenye mabawa mawili ya chuma nyuma, ambalo farasi hulifuata wakijipanga, kisha linakunja mabawa na kuwakimbia. Kazi hiyo aliifanya tangu enzi za Joca.

"Tumejaribu kila kitu," Tihomir alisema. "Tumeleta mnada wa mitumba kila Alhamisi."

"Farasi wangu akala soksi," mtu alisema kutoka nyuma.

"Tumeleta mwimbaji."

"Mwimbaji!" Nestor alirusha mikono. "Wanawake walicheza ngoma ya duara kwenye njia yangu na viatu vya visigino! Mpaka leo nafukia mashimo."

"Tumeuza samadi kwa wakulima wa uyoga."

"Hiyo ndiyo pekee iliyolipa," Živka alisema. "Tuwaombe farasi wajitahidi zaidi."

Walicheka, hata Tihomir. Kisha akafuta mdomo, akasema kuna watu wa filamu. Kampuni ya nje, filamu ya vita vya zamani, wapanda farasi wanapita kwenye mahindi. Mahindi wameyapenda. Sasa wanataka farasi, na wanalipa vizuri, kiasi cha kutosha zawadi ya Mbio za Mavuno na paa la jukwaa pia.

"Farasi wenyewe watafanya nini?" Živka aliuliza.

"Watapita tu, jirani."

"Watapita vipi?"

Tihomir akaitazama soseji yake. "Shoti," alisema.

Nestor alisukuma sahani yake kando. Lakini haja ni haja, na hapakuwa na wazo jingine mezani. Walikubaliana watoe farasi wazee waliokwisha kustaafu, ambao hawakuwa tena na mbio za kupoteza.

Wiki iliyofuata alikuja Imre, Mhungari aliyesimamia farasi wa filamu, mfupi, mchangamfu, mwenye sikio moja lililong'atwa nusu na farasi wa zamani. Aliwapandisha watu wake juu ya wale farasi wazee, akawapanga kwenye njia kati ya mahindi, akapuliza filimbi. Farasi wakaondoka telki. Akapuliza tena. Wakaongeza mwendo, telki. Wakafyatua bunduki za fataki nyuma yao, moshi ukajaa mahindini, na kutoka kwenye moshi ule farasi wakatokea wamepangana vizuri, vichwa juu, tap-tap, tap-tap, kama makarani wanaowahi ofisini.

"Hawa wana nini?" Imre aliuliza. "Ni wagonjwa?"

"Wana adabu," Nestor alisema.

Imre alicheka hadi akakaa chini. Kisha akainuka, akakung'uta suruali, akawa mtu wa kazi.

"Nahitaji mmoja tu," alisema. "Mmoja akitoka shoti, wengine watamfuata. Jioni mkiwatoa malishoni, wanamfuata nani?"

Wote walitazama mahali pamoja, na Imre akatazama walikotazama, akamwona Rosulja na mwanamke aliyeshika kamba yake.

"Aa," alisema taratibu.

"Sikuombi kitu, jirani," Tihomir akamwambia Živka.

"Basi acha kunitazama hivyo."

"Bila filamu hakuna Mbio za Mavuno."

"Na bila Rosulja nitakimbiza nini hiyo siku? Baiskeli?"

"Labda atasahau. Akishamaliza, utamrudisha kwenye telki."

Živka alimtazama kama mtu anayemhurumia mgonjwa. "Wewe Tihomir, ulikunywa rakija mara moja ukaisahau?"

Alimrudisha farasi bandani kwa miguu. Jioni ile hakupika. Alikaa kwenye ngazi ya jikoni akivuta sigara za Nestor, maana zake alikuwa ameacha. Mzee alikaa ngazi ya chini yake. Mimi nilikuwa namenya viazi, kwa kuwa lazima mtu angekula.

"Binti wa Joca," Nestor alisema, "hakuna atakayekulaumu ukikataa."

"Najua."

"Mimi mwenyewe nitakutetea."

"Kwa wanachama wangapi? Mwakani utakuwa unalinda alizeti." Alipuliza moshi. "Unajua ninachokikumbuka? Si baba akishinda. Ni kelele. Nilikuwa nimewekwa kitandani na surua, dirisha limefungwa, na nikaisikia ile kelele ya jukwaa ikipanda. Nyumba ilitetemeka. Vijiko vililia kabatini. Tangu hapo nangoja ipande kwa ajili yangu. Ni ujinga, mtu mzima."

"Si ujinga," Nestor alisema.

"Lakini uwanja ukiwa ghala, haitapanda kwa ajili ya mtu yeyote."

Asubuhi nilimkuta kwenye uwanda wa nyasi kando ya mfereji, mabata bukini wakimzomea. Alikuwa na Rosulja kwenye kamba ndefu. Alipiga makofi; farasi akaondoka telki. Alipiga mluzi, akapunga koti, akamtukana kwa Kiserbia, na kwa Kihungari pia. Rosulja aliongeza telki na kugeuza sikio moja, kama mwanafunzi hodari aliyepewa swali lisilo na maana. Nestor alikuwa amekuja na kofia mkononi, kama tulivyo kwenye mazishi.

Živka alisimama akipumua. Kisha akavua mabuti ya mpira, akayaweka sawasawa pamoja, akabaki na soksi za sufu. Akashika kamba karibu na taya la farasi.

Akakimbia.

Alikimbia vibaya, viwiko nje, magoti juu, kama mtu aliyesahau mikono huwekwa wapi. Miaka yote ile hakuwa amekimbia, na kukimbia kulimshinda. Rosulja alikwenda telki kando yake, akimtazama kwa jicho jeupe la mshangao. Huyu ndiye aliyesema polepole, polepole tangu siku ya kwanza. Huyu anakimbia! Walifika nusu ya uwanda hivyo. Halafu ile tap-tap ikakatika. Kwato zikagongana, shingo ikaporomoka chini na kuinuka, miguu ya mbele ikaenda pamoja na ya nyuma ikaja pamoja, na kamba ikamponyoka Živka. Rosulja akaenda shoti hadi mwisho wa mfereji, akageuka, akaja shoti, akatupita, nywele za shingo zimelala nyuma na mabata wakitawanyika.

Nestor aligeuza uso, kama mtu aliyemkuta jirani akioga.

Živka alikuwa ameketi kwenye nyasi, soksi zimejaa matope. Hakulia. Alifuata farasi kwa macho kila alikokwenda, na kinywa chake kilikuwa wazi kidogo.

"Sikujua ni mzuri hivi," alisema.

Filamu ilipigwa. Farasi wazee wote wa Seljevac walimfuata Rosulja mahindini, wanne kwa wanne, wakishangaa wenyewe, na mmoja akafurahi mno hata hakusimama mpaka kijiji cha jirani. Fedha zikaja. Matangazo yakabandikwa hadi Hungaria: Mbio za Mavuno zipo, zawadi ipo, na shada lipo. Mafundi wakapanda paani.

Zilipobaki siku chache Živka alimfunga Rosulja kwenye kigari, kujaribu tu, alisema. Mzunguko wa kwanza ulikuwa telki safi, nami nikaanza kutumaini. Mzunguko wa pili, kwenye kona ya mwisho, alipomwachia hatamu kidogo, farasi akanyanyuka na kutoka shoti. Živka alimrudisha chini. Akatoka shoti tena, masikio mbele. Alipowasimamisha mbele ya jukwaa, farasi na kigari, niliona mabega ya Živka yanatikisika, nikadhani ni kilio.

"Anacheka," aliniambia, mwenyewe akicheka. "Mtazame huyu. Miaka saba nimemficha shoti, sasa ananicheka."

Alijifuta pua na mkono wa koti, akaenda kwa Tihomir kufuta jina lake kwenye orodha ya mbio.

Imre ndiye aliyerudi na neno la mwisho, akatukuta kwenye gereji ya Tihomir. Filamu inahamia milima ya Romania mpaka theluji. Mkurugenzi amempenda yule wa kijivu, hataki mwingine, na wa kijivu hatoki shoti kwa mtu mwingine yeyote isipokuwa yule mama akianza kukimbia mbele yake. Kwa hiyo anawataka wote wawili. Na kama mambo yakienda vizuri, kila mwaka atachukua farasi wake Seljevac, atalipia mabanda, atalipia nyasi. Uwanja utakuwa na chakula cha kudumu. Tihomir alisikiliza mikono ikiwa juu ya tumbo, anaogopa kupumua.

"Tunaondoka lini?" Živka aliuliza.

"Jumapili mchana, dada. Jumatatu alfajiri tunapiga picha kule."

"Jumapili ndiyo mbio."

"Najua." Imre alishika lile sikio lake la nusu. "Nimeomba Jumatatu. Wamekataa. Wana milima ya kukodi na watu mia wa kulisha. Ukisema hapana, nitaelewa, ila itabidi nikatafute kwingine."

Živka alimtazama Tihomir, aliyekuwa ameamua kuzitazama tairi zake. "Haya," alisema. "Tena sina hata wa kukimbiza."

Jumapili upepo ulitulia. Magari yalianza kufika kabla ya misa kwisha, yenye namba za Novi Sad, za Szeged, za Timişoara. Duka la kubashiri lilikuwa tupu, mwenyewe amesimama mlangoni amekunja mikono. Harufu ya nyama ya kuchoma ilifika hadi mabandani. Watu waliokuwa hawajakanyaga jukwaa hilo tangu utotoni walipanda ngazi wakigusagusa mbao, na kila mmoja alikuwa anamwonyesha mwenzake mahali alipokuwa anakaa babu yake.

Lori la Imre lilisubiri nyuma ya mabanda. Rosulja alipanda bila ubishi. Živka alikuwa amevaa koti zuri na kilemba cha maua, kama mwanamke aendaye mjini kwa daktari.

"Baki angalau kwa mbio za kwanza, mwanangu," Nestor alimsihi. Alikuwa amenyoa, gari lake linanguruma nyuma yake. "Mbio moja tu. Imre atangoja."

"Nikisikia jukwaa, sitapanda tena hili lori. Nenda, mzee. Farasi wanakungoja, na breki zako ni za maneno tu."

Nestor alimbusu mara tatu, kama ilivyo desturi, akaenda kwenye gari lake polepole.

"Nami nije?" nilimwuliza. Romania ndiko nilikokuwa nakwenda tangu mwanzo, na nafasi ilikuwapo mbele, kati ya dereva na Imre.

"Wewe ubaki," alisema. "Simama pale kwenye uzio, kona ya mwisho. Kule mbele wanatazama nani ameshinda. Kwenye kona ndiko utakakoona nani angeshinda. Jioni utanipigia. Usiniambie nani wa kwanza. Niambie wa pili alikuwa nani."

Alipanda, akafunga mlango mara mbili kwa sababu mara ya kwanza haukushika.

Nilitembea hadi kwenye uzio. Barabara ya kwenda mpakani inapita nyuma ya uwanja, kati ya mipopla, miti mirefu iliyopandwa kando yake, na niliweza kuona paa la lori likitambaa huko. Kwenye njia, gari la Nestor lilifungua mabawa. Farasi wakajipanga nyuma yake, tap-tap, tap-tap, pua zao karibu na chuma. Mtangazaji akapaza sauti. Mabawa yakafungwa, na jukwaa zima likainuka. Sijapata kusikia kelele kama ile. Ilianza chini kama treni ya mbali, ikapanda, ikapita juu ya mabanda na juu ya mahindi yaliyokatwa, na waya wa uzio ukatetemeka mkononi mwangu.

Kati ya mipopla lori lilisimama. Niliona taa nyekundu za breki zikiwaka, na mlango wa upande wa abiria ukifunguka kidogo. Hakuna aliyeshuka. Farasi walikuwa wanaingia kona ya mwisho, wanne sambamba, mchanga ukiruka hadi kwenye koti langu, na nilikuwa nimeahidi kutazama, nikatazama. Nilipogeuka tena, mlango ulikuwa umefungwa na lori lilikuwa limeshafika mwisho wa miti, likiongeza mwendo kuelekea milimani.